"Endelea" Mara Nane

Kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu ya wilaya,

Nakuandikia kwa heshima, daktari, ingawa hasira haijanitoka. Daftari langu la kliniki liko mbele yangu. Kuanzia Januari hadi Agosti kila ukurasa una neno lilelile: "Endelea." Mara nane, kwa miandiko mitatu tofauti.

Kliniki ya Alhamisi, ya afya ya akili, unaijua. Dawa ya sonona, fluoksetini ya miligramu 20, ilinirudisha kwa watu, miaka miwili mizima. Mwaka huu ikaanza kulegea: usingizi unakatika saa tisa usiku, chakula hakipiti, hata kuoga ni mlima. Nikasema, "Daktari, dawa hainishiki tena." Nikaandikiwa "Endelea."

Mwanangu ana miaka 7. Miezi hiyo alijifunza kuwasha jiko la mkaa, kwa sababu mama yake hakuamka. Genge langu limefungwa na madeni yapo, nitayalipa. Lakini mtoto wa miaka 7, daktari, anapuliza mkaa gizani ili apate uji kabla ya shule! Kiganja chake cha kulia kina kovu la moto.

Mwishoni mwa Agosti dada yangu alikopa nauli akanipeleka hospitali nyingine. Huko niliulizwa: unaruka dozi? Unakunywa pombe? Kuna dawa nyingine umeanza? Wakanitoa damu kupima tezi ya shingo, maana nayo ikizembea humwangusha mtu hivihivi. Dozi ikapandishwa hadi miligramu 40, nikaambiwa tuitazame kwa wiki sita. Ikishindikana nitabadilishiwa dawa, na nisithubutu kuiacha ghafla.

Maswali matatu na damu kidogo. Hayo ndiyo niliyokosa kwako miezi minane, na mwanangu akapuliza mkaa.

Mwenye sukari akija kwako hutobolewa kidole. Mwenye presha hufungwa mkanda. Sisi hatupimwi kwa chochote, ingawa dodoso la PHQ-9 la kupima sonona ni maswali 9 tu kwenye karatasi moja. Naomba tuulizwe kila tunapokuja, majibu yaandikwe, na anayeshuka amwone daktari siku hiyohiyo. Au maradhi ya akili katika nchi hii si maradhi mpaka mtu afungwe kamba?

Siku hizi naamka. Lakini nikikohoa tu alfajiri, mwanangu anaruka kitandani na kukimbilia jikoni kutafuta kiberiti.

Mgonjwa wako wa Alhamisi