KODI, NAULI NA SAA



Wengi wetu twaulizana: jamaa zetu zikae mjini Nairobi, au zihamie Ruiru, Kitengela na Syokimau, ambako kodi ni nafuu? Chama hakiwezi kumwamulia mtu mambo ya nyumba yake. Lakini yafaa hesabu ifanywe yote.

Kodi ikipungua, nauli huongezeka. Tena kuna saa. Baba atokaye alfajiri na kurudi usiku huwakuta watoto wamelala. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012, yawafaa waendao kazini asubuhi na kurudi jioni. Mtu wa zamu ya usiku hutafuta matatu. Naye akaaye mjini hulipa sana kwa chumba kimoja, watoto na jiko humo humo.

Basi kosa si la akaaye mbali wala akaaye karibu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa, au posho ya kutosha kupanga nyumba kama hiyo. Akisema posho imo ndani ya mshahara, na atuonyeshe ni shilingi ngapi.

Kabla ya mkataba mpya kuzungumzwa, kila mwanachama ampe karani wa tawi lake mambo matatu: kodi yake, nauli yake, na saa apotezazo njiani. Viongozi wetu wakiingia mezani na hesabu hiyo, hakuna atakayesema twalalamika bure.

Umoja ni nguvu.