Moteri ya okazio hainunuliwi kwa sikio

Kisangani, kuuza moteri iliyotumika kuna desturi yake. Moteri inawekwa chini, juu ya matairi mawili ya zamani. Inafungiwa batri, mpira wa mazutu unatumbukizwa ndani ya bidoni, kisha fundi anaiwasha. Wanunuzi wanasimama kuizunguka na kutega sikio. “Papa, hii imetoka Dubai, haijafunguliwa hata siku moja,” muuzaji anasema. Ikinguruma dakika tano bila moshi mwingi, bei inaanza kuzungumzwa kwa dola. Jioni moteri iko juu ya puspus, inaelekea garaji moja ya Mangobo au Kabondo. Na mara nyingi matatizo yanaanzia hapo.

Kununua moteri iliyotumika si kosa. Mwenye Land Cruiser au Hilux ya zamani iliyolala uani miaka mingi hana njia nyingine ya kuiamsha, kwa sababu moteri mpya inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Tena si jambo la Kisangani peke yake. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa kutoka nchi tajiri, na asilimia 40 yaliletwa Afrika. Afrika inaendesha vyuma vilivyokwisha kufanya kazi kwingine. Kosa ni mawili: kununua kwa sikio, na kumwacha muuzaji amlipe fundi wa mnunuzi.

Kosa hilo linaumiza Kisangani kuliko miji mingine kwa sababu ya umbali. Moteri inayopitia Mombasa na Kampala inaingia Kasindi, inafika Beni, halafu inabaki na zaidi ya kilomita 700 za barabara ya kitaifa namba 4: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Ile inayopitia Kinshasa inapanda mto karibu kilomita 1,700, majuma kwa majuma. Aliyenunua Kampala anaweza kurudi kesho yake kugomba na muuzaji. Mnunuzi wa Kisangani harudishi kitu. Muuzaji wa hapa naye atamjibu kwamba alipokea mzigo kama ulivyo. Kila mmoja kwenye mnyororo huu alinunua bila kuona ndani, na hasara yote inamwangukia wa mwisho.

Sikio haliwezi kusikia yaliyo muhimu. Dakika tano hazitoshi kuipasha moto moteri ya dizeli, na ufa wa kulasi, yaani kichwa cha moteri, mara nyingi unajionyesha joto likipanda tu. Mafuta mazito yanaweza kunyamazisha kranki iliyolegea. Moteri iliyokwisha kuwashwa asubuhi, kabla mnunuzi hajafika, inaficha uvivu wake wa kuwaka ikiwa baridi. Kwa hiyo mnunuzi aikute baridi, aiguse kwa mkono wake mwenyewe. Isipokuwa baridi, arudi siku nyingine.

Kisha kipimwe kile kisichosikika. Kipimo cha kompresyo ni chombo kidogo kinachofungwa mahali pa buji, na kinasema ukweli ndani ya nusu saa. Moteri nyingi za dizeli zilizo nzima, kama zile za Toyota zinazopendwa hapa, zinatoa kati ya baa 25 na 35. Kilicho muhimu zaidi ni usawa: silinda tatu zikitoa 30 na ya nne ikatoa 20, moteri hiyo ni mgonjwa, hata ikiimba vizuri namna gani. Kifuniko cha mafuta kifunguliwe pia. Ukikuta utando wenye rangi ya maziwa, huenda maji yameingia mahali pa mafuta. Mapovu yasiyokwisha ndani ya radiateri yanaonya juu ya gasketi ya kulasi au ufa.

Hata moteri iliyopita mtihani huo inastahili kufunguliwa kabla ya kupandishwa garini. Hapa ndipo haraka inakula makuta mara ya pili. Wengine wananunua ringi mpya na kuzitia ndani ya silinda iliyokwisha kulika upande mmoja. Ringi ya duara haiwezi kuziba shimo la yai. Baada ya miezi michache gari linakunywa mafuta, na lawama inapewa pyesi. Utaratibu unaofaa ni kupima kwanza, kukereza silinda ikihitajika, na ndipo kununua pistoni za kipimo kilichoongezeka, kwa mfano nusu milimita. Anayenunua pistoni kabla ya silinda kupimwa anabahatisha. Na mkanda wa taimingi, ambao kwa moteri nyingi za aina hii unabadilishwa takriban kila kilomita 100,000, ubadilishwe bila kuuliza, maana hakuna anayejua umetembea kiasi gani. Kazi ya kukereza inataka umeme, na umeme wa Kisangani unakatika. Mwenye gari akubali kungoja juma moja zaidi kuliko kumsukuma fundi aruke hatua.

Lakini kipimo kizuri mkononi mwa mtu aliyefungwa mdomo hakisaidii. Pale ambapo fundi anapokea komisyo kutoka kwa muuzaji, anapata kitu moteri ikinunuliwa, na anakosa akisema “tuiache”. Si lazima awe mtu mbaya. Ana watoto wa kulisha, na mwenye gari hajampa hata franka moja kwa kutazama. Dawa yake ni rahisi: mwenye gari amlipe fundi kwa ukaguzi, bei ileile, moteri inunuliwe au iachwe. Makuta hayo yanaonekana kama hasara siku ile. Kwa kweli ndiyo bei ya neno “hapana”.

Kitu cha mwisho ni karatasi. Sheria ya Kongo kuhusu mikataba, amri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika. Lakini haimlindi mnunuzi kwa kasoro alizoweza kuziona mwenyewe, na inamtaka alalamike bila kuchelewa. Bila karatasi, atathibitisha nini? Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili, tarehe, namba ya moteri, vipimo vya kila silinda, na siku ambazo muuzaji anakubali kuirudisha. Namba ikiwa imefutwa kwa tupa, mazungumzo yaishie hapo. Inawezekana moteri hiyo iliibwa, na aliyenunua ndiye atakayetoa maelezo polisi.

Wauzaji watasema garanti itawafilisi. Wana sehemu ya haki, kwa sababu nao hawakuona ndani ya kontena. Basi wauze kwa bei mbili zilizo wazi: moteri iliyopimwa na yenye garanti ya siku 30 iwe ghali zaidi, na isiyopimwa iwe rahisi na iandikwe hivyo. Atakayeanza atauza zaidi, maana mji huu unasimuliana. Shirikisho la Makampuni ya Kongo, FEC, lingeweza kuwaandalia wanachama wake mfano wa karatasi hiyo, na INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha ufundi, ingefanya kipimo cha kompresyo kiwe kitu ambacho fundi yeyote wa moteri anaona haya kukikosa.

Kisangani inajua kutengeneza. Miaka ya vita, magari yalipoadimika, toleka za baiskeli zilibeba mji mzima na mafundi wakazirudisha barabarani kila siku. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni desturi ya kupima na kuandika. Gari likizimika kati ya Bafwasende na Nia-Nia usiku, na abiria ndani, kwenye barabara inayoogopwa kwa mashambulizi, hakuna atakayekumbuka jinsi moteri ilivyonguruma vizuri juu ya matairi mawili.