Maneno na Maana: Mhindi, Mhindu, Baniani

Katika toleo hili nina kosa la kuungama, kisha tujifunze kutokana nalo.

Mwezi uliopita baadhi yetu tulikwenda Pearland kulitazama hekalu la Meenakshi. Katika mji ule wa maduka na nyumba za matofali, hutegemei kukutana na minara ya malango iliyojaa sanamu, kama ile ya Madurai kusini mwa India, alikotoka mungu huyo wa kike. Hekalu kuu la Pearland lilizinduliwa mwaka 1982. Tulivua viatu, tukaingia. Nikamgeukia mwenzetu mmoja wa darasani nikamwambia, "Haya dada, wewe ndiwe Mhindi wetu, hebu tueleze."

Akacheka. "Mimi Mwislamu, kaka. Hapa ni mgeni kama wewe."

Bibi yake alizaliwa Mwanza, na jamaa zake ni Waismailia, wanaosali katika jamatkhana. Aibu yangu ilizidi nilipokumbuka kwamba Kiswahili kilikwisha kunipa maneno mawili ya kuniepusha na kosa lile. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Herufi moja tu, i au u, inatenganisha asili na imani, nami niliichanganya mbele ya watu.

Wanaosomea dini huzipanga kwa koo, kama tunavyopanga lugha. Ukoo wa kwanza ni wa Ibrahimu: Uyahudi, Ukristo na Uislamu. Hao ni ndugu wanaogombana kwa sababu wanajuana. Wana Mungu mmoja, manabii, kitabu, na siku ya hukumu. Ukoo wa pili ulizaliwa India: Uhindu, Ujaini, Ubudha na Usikh. Humo utasikia habari za kufa na kuzaliwa tena, na matendo ya mtu kumfuata hadi maisha yajayo. Ukoo wa tatu ni wa Asia ya Mashariki: mafundisho ya Confucius, ya Dao, na Ushinto wa Japani. Wa nne ni dini za jadi, zikiwemo za Afrika, ambazo vitabu vingi huzitaja mwishoni kwa haraka. Sisi tusizipite haraka: misitu ya kaya ya Wamijikenda, pwani ya Kenya, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na neno letu Mungu ni la Kibantu, halikuja na jahazi wala na mmisionari.

Mpango huu unasaidia, lakini una mipaka. Masikh wametoka India na wanaamini kuzaliwa tena, ila wanamwabudu Mungu mmoja na hawaweki sanamu. Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, unaweza kusimama kwenye hekalu lao la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ukala bure bila kuulizwa wewe ni wa ukoo gani.

Na "Wahindi" wa Afrika Mashariki hawajapata kuwa wa dini moja. Wako Wahindu na Wajaini, Waismailia na Mabohora, Makalasinga, Magoa ambao ni Wakatoliki, na Waparsi wa Unguja, ambao dini yao ya Zoroasta ina asili ya Uajemi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke Uganda. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, lakini Waislamu wenye asili ya India hawakusalimika kwa sababu hiyo. Jina moja liliwakumba wote. Ndiyo maana sikuweza kulichukulia kosa langu kama utani tu. Mimi nilikosea kwa uvivu, hapakuwa na dhara, dada yetu akacheka. Lakini desturi ya kumtazama mtu usoni na kumpangia imani yake ni ileile.

Limebaki la tatu, Baniani. Asili yake ni neno la Kigujarati la wafanyabiashara. Pwani, likawa jina la Mhindu yeyote, hata asiyeuza kitu. Sote tumeikariri methali "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Huwa tunaeleza kwamba hata mtu mbaya ana faida yake, tunapata alama zetu, tunaendelea. Je, nani aliamua kwamba Baniani ni mbaya? Methali haisemi. Sisemi tuifute; methali ni kumbukumbu pia. Nasema tukiifundisha, tufundishe pamoja na swali hilo.

Tulipotoka hekaluni nilikaa kwenye ngazi nikitafuta viatu vyangu katikati ya mamia ya viatu vya watu wengine: makubazi, raba, viatu vya watoto vyenye taa. Vyangu nilivipata pale pale nilipoviacha. Mwenzetu alikuwa ananisubiri. Mwishoni mwa 2025 Waismailia walifungua kituo chao kikubwa mjini Houston, na sasa ametualika kukitembelea.

Safari hii sitampa mtu kazi ya kueleza. Nitauliza kwanza: "Ninyi mnasali vipi?" Kisha ninyamaze, nisikilize.