Ambulensi Bila Daktari Kwa Laini Ni Mathree Yenye King'ora Tu

Hii umeiona. Msee wa nduthi amegongwa Thika Road, watu wamejaa, nusu yao wanarekodi. Ambulensi inafika ikilia, kila mtu anapumua: sawa, ameokoka.

Zii, bado. Ndani ya hiyo gari mara nyingi kuna mhudumu mmoja ama wawili, machela na oksijeni. Daktari ako hospitali na hajui mnakuja. Mkifika kwa gate ndio mnaambiwa ICU imejaa, jaribuni kwingine.

Hizi si stori za jaba. Oktoba 2015, hapa Nairobi, jamaa aliyegongwa na gari alikaa masaa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa kutafutiwa kitanda cha ICU. Hatimaye alipokelewa, lakini hakupona. Na hiyo ni nchi yenye katiba, kifungu 43(2), inayosema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura.

Sasa cheki vile wasee wa Aachen, Ujerumani, wanafanya tangu 2014. Daktari anakaa kwa ofisi, skrini mbele yake. Ambulensi ikibeba mgonjwa, presha, oksijeni na mapigo ya moyo zinaingia kwa hiyo skrini papo hapo, na video pia. Anaongea na mhudumu njia yote: mpe dawa hii, pima tena, mpeleke hospitali ile. Akimaliza, anashika gari ingine. Daktari mmoja anasaidia ambulensi kadhaa na hajakaa kwa jam hata dakika moja.

Mbona dakika ni noma hivi? Chukua kiharusi. Mwaka wa 2006 hesabu ilipigwa ikaonyesha ubongo unapoteza karibu seli milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kawaida inafaa iingie ndani ya masaa manne na nusu, na lazima upigwe CT scan kwanza, juu kama kumbe mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kukumaliza. Sasa ukikimbizwa hospitali ya karibu na haina CT scan, umefika mapema na bado umechelewa.

Najua utasema: buda, kaunti yetu hata panadol imeisha, unatuletea skrini? Uko sawa. Skrini haizai kitanda. Lakini vitanda vikiwa vichache ndio unahitaji zaidi kujua kipi kiko wazi kabla gari ing'oe nanga. Mgonjwa asizungushwe mtaani kutafuta jibu lenye simu ingeleta. Na intaneti tunayo, si tunabet nayo kwa mathree kila siku?

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kwa hivyo gavana wako akija kuzindua ambulensi mpya na utepe na DJ, usipige selfie ukaenda. Muulize maswali tatu. Ndani kuna mashine ya kupima moyo? Saa nane usiku, daktari gani anashika simu ya mhudumu? Na nani anajua kitanda kiko wapi kabla mgonjwa abebwe?

Akikosa majibu, amekununulia mathree nyeupe. Na siku moja abiria anaweza kuwa mathako.