Serikali Haifiki Sake, Leseni Inafika

Tangu Januari 2025 Sake, mji wa Masisi katika Kivu Kaskazini, haiko mikononi mwa Kinshasa. Waasi wa M23 waliingia humo siku chache kabla ya kuichukua Goma, ambayo haifiki hata kilomita thelathini kutoka hapo, wakaweka utawala wao. Jeshi la serikali liliondoka, na ofisi za dola zikaondoka nalo. Lakini anayenunua uniti Sake ananunua kwa kampuni yenye leseni ya Kinshasa, inayotumia masafa ya redio yaliyogawiwa na Kinshasa, na inayotakiwa kujibu kwa ARPTC, mamlaka ya udhibiti wa posta na mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya Oktoba 2002. Sijui sheria nyingine ya Kongo inayoingia bado mfukoni mwa mkazi wa Masisi kila siku. Kwa hiyo kudhibiti wenye mitandao si kazi ya kungoja amani.

Hata Walikale, ambako M23 waliingia Machi 2025 na kuondoka mwezi uliofuata, mji ulibadilisha wenyewe mara mbili ndani ya wiki chache. Leseni za simu hazikubadilika.

Tatizo la kwanza ni namna tunavyopima ukubwa. Ripoti za soko za ARPTC zinagawa wateja wa nchi nzima kati ya Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Ukitazama jedwali la namna hiyo utasema Kongo haina jitu la kuogopwa: Vodacom iko mbele, Airtel na Orange zinaifuata kwa karibu, basi ushindani upo. Lakini hakuna mtu anayepiga simu akiwa ndani ya wastani wa taifa. Anapiga akiwa juu ya kilima fulani. Pale njia panda ya Sake, ambapo barabara moja inapanda kwenda Mushaki na Masisi, nyingine inaelekea Kitshanga, na ya tatu inafuata ziwa hadi Minova, mfanyabiashara hutembea na kadi mbili au tatu za simu. Anajua kwamba mbele kila kilima kina rezo yake, yaani mtandao wake. Mahali penye antena moja tu, mwenye antena hiyo ndiye mkubwa, hata kama kitaifa ni wa tatu.

Na ukubwa huo sasa umevuka mambo ya kupiga simu. Goma ilipoanguka, benki zilifunga milango, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zikabaki ndizo akiba, mshahara na msaada wa ndugu. Chukua mama wa Mushaki mwenye viazi, ambaye mtoto wake yuko Goma na anataka kumtumia dola ishirini. Kama rezo ya mtoto haifiki kwa mama, mama atashuka kwa miguu, apite vizuizi vya barabarani, atafute ajenti, na noti zikiwa chache ajenti atakata anavyotaka. Mwenye antena ya kilima amekuwa pia benki ya kilima. Hapa bei na masharti yake si jambo la biashara peke yake tena; ni jambo la umma, na umma una haki ya kuuliza.

Swali la pili ni nani hasa mwenye mtandao. Wengi wetu tunalaumu jina lililoandikwa kwenye kadi, wakati mnara wenyewe mara nyingi ni wa mtu mwingine. Helios Towers, kampuni ya minara iliyo kwenye soko la hisa la London tangu 2019, ilianza Kongo kwa kununua minara ya kampuni ya simu ya Tigo, kisha ikanunua na ya Airtel. Haimuuzii raia hata uniti moja, kwa hiyo raia haijui. Faida yake ni kwamba mnara wa namna hiyo umejengwa kupangishwa kwa zaidi ya kampuni moja. Kwa hiyo penye mnara tayari, kinachokosekana ni kampuni ya pili kukubali kulipia nafasi na mafuta ya jenereta. Sheria ya 25 Novemba 2020 imekwisha kuweka msingi wa kushirikiana miundombinu. Kilichobaki ni kuitumia mahali panapouma.

Kenya wamepita njia hii. Mwaka 2014, baada ya Airtel kulalamika, Safaricom ilikubali mbele ya mamlaka ya ushindani kwamba mawakala wa M-Pesa wanaweza kuhudumia na kampuni nyingine. Haikuvunjwa wala kunyang'anywa kitu, kufuli moja tu lilifunguliwa, na bado ni kampuni kubwa hadi leo. Pendekezo zito zaidi, la washauri wa Analysys Mason lililojulikana 2017, lilitaka Safaricom ishirikishe minara yake na kupokea wateja wa wengine katika baadhi ya kaunti ambako washindani hawafiki. Washauri walitazama kaunti kwa kaunti, na hilo ndilo jicho tunalolihitaji Kivu. Safaricom ilipinga, ikisema haifai kuadhibiwa kwa kuwa ilitangulia kuwekeza.

Hoja hiyo siidharau, na Masisi ina uzito zaidi kuliko Nairobi. Kuweka antena juu ya Mushaki ni kulipa mafuta yapandishwe kwa barabara mbovu, kulipa mlinzi, na kujua kwamba siku moja mstari wa vita utapita hapo. Kampuni iliyokubali hatari hiyo ikiambiwa iwabebe wateja wa wenzake bure, kesho haitajenga tena. Kwa hiyo isiwe bure. Simu ya Airtel ikibebwa na antena ya Vodacom, au kinyume chake, mwenye antena alipwe bei aliyoiweka mdhibiti, na pale ambapo gharama ni kubwa kupita mapato, mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, ujaze pengo. Mfuko huo uliwekwa kwa ajili ya vijiji ambavyo soko peke yake haliwezi kuvifikia. Kama si Masisi na Walikale, basi ni wapi?

Watakaosema Kinshasa haina uwezo wa kufanya lolote katika eneo la vita wakumbuke tozo ya simu iliyoitwa RAM. Kuanzia 2020 serikali ilitoza kila simu, dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo na dola saba kwa simu ya 3G au 4G, na makato yalikuwa yakitoka kwenye uniti za mteja kupitia kampuni yake. Watu walilalamika, wabunge wakapaza sauti, na mwanzoni mwa 2022 tozo ikafutwa. Ilikuwa tozo mbaya. Lakini ilituonyesha wazi kwamba amri ya Kinshasa, ikipitia leseni, inafika hadi kwenye simu ya kitochi ya mlima wa mwisho. Mkono ulioweza kufika kuchukua hauwezi kusingizia umbali unapoombwa kulinda.

Hofu yangu kubwa iko upande mwingine. Mdhibiti mwenye nguvu juu ya kampuni ana nguvu pia ya kuzima. Tarehe 31 Desemba 2018, kura zikiwa bado zinahesabiwa, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikarudi takriban wiki tatu baadaye. Februari 2025, wakati watu wa Goma wakitafuta habari za ndugu zao, X na TikTok zikafungwa. Mji ulio upande wa pili wa mstari wa vita unaweza kuadhibiwa kirahisi sana kwa kunyimwa rezo, na wanaoumia ni raia, si wenye bunduki. Kwa sababu hiyo wajibu wa kushirikiana antena uandikwe ndani ya masharti ya leseni, na humo humo iandikwe kwamba simu za kawaida na huduma za pesa za raia hazikatwi kwa amri ya ofisi moja, bila sababu iliyotangazwa na bila mahakama kuweza kuipitia.

ARPTC haihitaji kutuma mtu Sake ili ianze. Itake kila kampuni itoe ramani ya mahali inapofika, groupement kwa groupement (kundi la vijiji kwa kundi la vijiji), na iichapishe ili mkazi wa Matanda au Kirotshe aweze kusema kama ni kweli au ni uongo. Kisha penye antena moja tu, sharti la kupokea wateja wa wengine lianze kazi. Leseni hizo zimesainiwa Kinshasa, na Kinshasa ndiko zinakoweza kurekebishwa.