Anga la Dzaleka liko wazi, ruhusa iko Lilongwe

Mara kwa mara, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupita juu ya Malawi au karibu na mipaka yake. Kinapokuwa utosini, huwa takriban kilomita 400 kutoka ardhini. Kwa mkimbizi anayeishi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali huo ni mfupi kuliko ule unaomtenganisha na Bukavu au Bujumbura alikotoka. Tena sauti ya mwanaanga anayezungumza kwa redio kutoka ndani ya kituo hicho inaweza kumfikia pasipo intaneti, pasipo vocha ya simu, na pasipo kibali cha kutoka kambini.

Katika nchi nyingi, walimu na vilabu vya redio ya ridhaa wameitumia nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 kuwafundisha wanafunzi sayansi ya anga na teknolojia ya mawasiliano. Makala haya yanaangalia jinsi njia hiyo inavyoweza kuwafaa vijana wa Dzaleka, na kwa nini sehemu iliyo ngumu zaidi haihusu vifaa wala akili za wanafunzi. Inahusu uamuzi wa watu walioko Lilongwe.

Redio ya ridhaa ni nini?

Kama tusemavyo ndondi za ridhaa, redio ya ridhaa ni ile inayoendeshwa na mtu kwa mapenzi yake, bila malipo. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinaieleza kuwa huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, kwa hamu yao binafsi na bila maslahi ya fedha. Kila mwenye leseni hupewa alama ya mwito inayomtambulisha hewani. Alama za Malawi huanza kwa 7Q, za Tanzania kwa 5H, za Kenya kwa 5Z na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa 9Q.

Huduma hii ni tofauti na redio ya jamii, kama ile ya Yetu iliyoko Dzaleka, ambayo huwatangazia wasikilizaji wengi kwa pamoja. Katika redio ya ridhaa, vituo viwili huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na mara nyingi wanaozungumza wamejitengenezea sehemu ya mitambo yao.

Mnamo Desemba 2000, wanafunzi wa shule moja katika jimbo la Illinois, Marekani, walizungumza kwa redio ya ridhaa na mwanaanga aliyekuwa katika Kituo cha Kimataifa. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya mpango unaojulikana kwa kifupi kama ARISS, ambao hadi sasa umeziunganisha shule na wanaanga zaidi ya mara elfu moja. Mwaka 2002, raia wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alizungumza na wanafunzi wa nchi yake kwa njia hiyo hiyo akiwa angani.

Mazungumzo ya aina hii hudumu takriban dakika 10, kwa kuwa kituo hicho husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa na baada ya muda huo huwa kimezama upande wa pili wa upeo wa macho. Wanafunzi hupanga foleni, kila mmoja na swali lake. Nyuma ya dakika hizo 10 kuna maandalizi ya miezi mingi darasani, na huko ndiko wanafunzi wanakojifunza zaidi.

Somo linaloshikika mkononi

Chukua mfano wa antena. Kituo cha Kimataifa hurusha sauti katika masafa ya megahezi 145.800. Mwanafunzi akigawanya 300 kwa 145.8, hupata urefu wa wimbi: mita mbili na sentimita sita hivi. Nusu yake ni karibu mita moja. Ndiyo kusema antena inayofaa inaweza kuundwa kwa vipande vya tepu ya kupimia ya fundi na bomba la plastiki, na mwanafunzi akaelewa kwa nini kila kipande kimekatwa kwa urefu huo.

Chukua pia mabadiliko ya masafa. Lori linapokujia likipiga honi, mlio huwa mkali, na likishakupita mlio hushuka. Redio ya Kituo cha Kimataifa hufanya vivyo hivyo: kinapokaribia, masafa yake husikika juu kidogo, kwa kilohezi tatu hivi, na kinapoondoka hushuka kwa kiasi hicho hicho. Mwanafunzi anayezungusha kitufe ili asiipoteze sauti anaisoma kanuni ya fizikia kwa sikio lake.

Vifaa vya kuanzia si vya kutisha. Kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta hupatikana kwa dola 30 hadi 40 za Marekani. Nyakati fulani kituo hicho hurusha hata picha zilizogeuzwa kuwa milio, na programu ya bure katika simu huweza kuirudisha milio hiyo kuwa picha.

Kuna na fursa nyingine ambayo Malawi imekaa mahali pazuri kuitumia. Setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa kwanza wa redio ya ridhaa kuwekwa katika mzingo ule wa kilomita 36,000 hivi ambako setilaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja. Kwa mtu aliye Dzaleka, haichomozi wala haizami. Iko juu sana angani, upande wa kaskazini-magharibi, usiku na mchana. Dishi la kawaida la televisheni na kile kichwa chake, pamoja na kipokezi tulichokitaja, vinatosha kuwasikia watu wakizungumza kutoka Afrika, Ulaya na sehemu za Asia.

Afrika Mashariki si mgeni angani

Wapo watakaosema kuwa mambo ya anga ni anasa kwa kambi isiyo na chakula cha kutosha. Historia ya kanda hii inatoa picha tofauti. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishuhudia setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, ikiachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa. Mwishoni mwa 2022 ikafuata PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyotengenezwa na wahandisi vijana watatu wa Uganda waliokuwa wakisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, nchini Japani.

Setilaiti hizo mbili za mwisho zilitumia masafa ya redio ya ridhaa. Kwa hiyo mwanafunzi yeyote mwenye kipokezi na antena ya mkono angeweza kuzitafuta zilipokuwa zikipita. Vyombo vidogo vya vyuo vikuu huwategemea mno wasikilizaji wa namna hiyo, walioenea duniani kote, ambao hunasa ishara na kuzituma kwa wenyewe.

Dzaleka yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba kiu ya elimu ipo. Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi limeendesha shule kambini kwa miaka mingi, na baadhi ya wakazi wamesoma kozi za juu kwa njia ya mtandao. TakenoLAB, mradi ulioanzishwa na kijana mkimbizi kutoka Burundi, umewafundisha vijana kutengeneza programu za kompyuta. Fundi anayejua kompyuta hayuko mbali na redio ya leo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya redio hiyo hufanywa na programu.

Ukuta usioonekana

Dzaleka iko chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, mahali hapo palikuwa gereza. Ilikusudiwa kuwapokea watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mnamo Desemba 1987, iliweka kando vifungu kadhaa, ikasema inavihesabu kuwa mapendekezo tu na si masharti. Miongoni mwake ni kifungu cha ajira, cha elimu ya umma na cha uhuru wa kutembea. Machi 2023, serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka ifikapo Aprili 15. Mwezi uliofuata, polisi waliendesha msako mjini Lilongwe na kwingineko, na Umoja wa Mataifa ukaeleza wasiwasi wake.

Katika mazingira hayo, redio ya ridhaa ina sifa adimu. Haimtaki mtu asafiri. Kwa tafsiri yake yenyewe si ajira, hivyo haigongani na katazo la kazi. Lakini ina sharti moja lisilokwepeka: anayerusha mawimbi lazima awe na leseni, na nchini Malawi mamlaka ya kuitoa ni ya msimamizi wa mawasiliano, MACRA.

Ikumbukwe kwamba kanuni za ITU zinaitaka kila nchi ihakikishe kuwa mwendeshaji ana ujuzi wa kiufundi na wa uendeshaji. Kanuni hizo hazitaji uraia. Kumtaka mwombaji awe raia, au akubaliwe kwa kitambulisho cha mkimbizi, ni jambo linaloamuliwa na kila serikali. Vilevile, kanuni hizo huruhusu ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya mtu asiye na leseni wakati wa dharura na maafa tu, huku zikiiachia kila nchi nafasi ya kuamua jinsi ya kuutumia mpaka huo. Mwanafunzi anayemuuliza mwanaanga swali mbele ya kipaza sauti cha mwenye leseni huhesabika kuwa mtu wa namna hiyo. Bila tamko la wazi la serikali, klabu ya kambini ingebaki kuwa ya wasikilizaji.

Mpango wa ARISS una njia ya mkato: shule isiyo na mitambo huunganishwa kwa simu au intaneti na kituo cha redio kilicho nchi nyingine. Ni njia nzuri kwa siku moja ya furaha. Hata hivyo, baada ya siku hiyo mitambo na ujuzi hubaki kule kule vilikokuwa.

Hofu za serikali na majibu yake

Hofu ya usalama haifai kupuuzwa. Serikali yoyote ingeuliza maswali kabla ya kuruhusu mtambo wa kurushia mawimbi katika kambi yenye watu waliokimbia vita vinavyoendelea. Lakini redio ya ridhaa ni miongoni mwa mawasiliano yaliyo wazi kabisa: kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya mazungumzo kwa mafumbo ya siri, kila kituo hujitaja kwa alama yake, na yeyote mwenye kipokezi anaweza kusikiliza. Simu za mkononi ambazo tayari ziko mikononi mwa wakazi wa kambi hazina uwazi huo.

Swali la haki nalo ni zito. Shule nyingi za Dowa hazina maabara, na mzazi wa Kimalawi ana haki ya kuuliza kwa nini wageni wapewe kwanza. Jibu linalofaa ni klabu ya pamoja, itakayowaweka watoto wa vijiji jirani na wa kambini kwenye benchi moja, chini ya usimamizi wa mwenye leseni wa Malawi hadi wanafunzi wapate leseni zao.

Malawi nayo ingefaidika. Kimbunga Freddy kilichoikumba kusini mwa nchi Machi 2023 kiliua mamia ya watu na kukata barabara, umeme na mawasiliano. Kituo kidogo kinachotumia betri na paneli ya sola, kikiwa na mtu aliyefunzwa, ni akiba ya taifa wakati kama huo.

Lugha itakayofungua mlango

Kizuizi kimoja huwa rahisi kusahaulika. Wengi wa wakazi wa Dzaleka walianza shule kwa Kifaransa au Kirundi, na nchini Malawi wanakuta masomo kwa Kiingereza. Kinachowaunganisha sokoni, kanisani na msikitini ni Kiswahili. Kwa bahati, Kiswahili kina maneno ya kuanzia: wimbi, masafa, mwito, upeo. Na Julai 2023, aliyekuwa Rais wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza kuwa lugha hiyo ingefundishwa katika shule za Malawi. Klabu inayofundisha redio kwa Kiswahili, Kichewa na Kiingereza ingewapa wenyeji na wageni kitu cha kubadilishana.

Katika nchi nyingi, kusikiliza tu hakuhitaji leseni ya redio ya ridhaa, na hapo ndipo pa kuanzia: kipokezi kimoja, antena ya tepu, na mwalimu mwenye ratiba ya mapito ya Kituo cha Kimataifa. Hatua ya pili ni mtihani, na ya tatu ni leseni ya klabu yenye alama inayoanza kwa 7Q. Hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa na walimu wa Dzaleka wenyewe. Mbili zilizobaki zinasubiri jibu la Lilongwe kwa swali moja: je, mkimbizi aliyefaulu mtihani ataruhusiwa kujibu anachokisikia?