Osha Tumbo la Gari, Wacha Kuosha Uso

Watu wa Gongoni, na nyinyi mnaopita hapa mkielekea Garsen, leo naongea na nyinyi. Mkitaka kununa, nuneni. Sisi tunaosha magari vibaya.

Nenda panapooshwa magari Jumamosi yoyote. Povu limejaa kwa boneti, vioo vinasuguliwa, tairi zinapakwa dawa mpaka zinang'aa kama viatu vya askari. Halafu simu inatoka, picha, posti. Chini je? Hakuna aliyeinama. Na chumvi iko huko chini.

Hii ni nchi ya chumvi, jamani. Gongoni, Marereni, Kurawa, kote ni mabwawa. Maji ya Bahari ya Hindi yanaingizwa, jua linayakausha, chumvi inabaki, malori yanaibeba. Upepo wa bahari unaleta yake, mizigo inamwagika njiani, na matope ya kando ya mabwawa nayo yana yake. Magurudumu yanarusha yote kwa tumbo la gari: ndani ya madigadi, kwa springi, kwa paipu za breki, kwa maungio ya chesisi ambako jicho halifiki.

Sayansi yake haitaki digrii, na mimi mwenyewe niliacha chuo. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinashika kutu. Maji yakiwa na chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo, kwa hivyo inakimbia. Tena chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hivyo chuma kinabaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Unataka ushahidi? Tazama baharini pale Ngomeni, yale majukwaa ya chuma ya San Marco, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kutu inayatafuna. Kama jukwaa la roketi linaliwa, Probox yako ni nani?

Kanada na Ulaya kaskazini, baridi ikiingia, chumvi inamwagwa barabarani makusudi ili barafu iyeyuke. Wenye magari kule wanajua itawala chesisi, kwa hivyo wanaosha chini ya gari msimu mzima. Na chumvi yao ni ya miezi michache tu. Yetu ni Januari hadi Desemba, na hatuinami hata mara moja.

Sasa nani analipa? Kijana wa boda aliyechukua pikipiki kwa mkopo. Fremu inaanza kuoza na deni bado halijaisha. Abiria wa matatu aliyelipa nauli yake kamili, hajui kwamba paipu ya breki chini ya miguu yake imebaki nyembamba kama karatasi. Mwenye gari yuko nyumbani anahesabu pesa za siku. Dereva akimwambia gari lioshwe chini, anaambiwa asilete gharama. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kiko chini ya kiti chako.

Najua mtaniambia maji ni ghali. Kweli, tena kuna baya zaidi: maji ya visima vingi huku yana chumvi. Malalamiko ya wakazi kuhusu visima vyao na mabwawa ya chumvi yalifika hadi kwa Tume ya Haki za Binadamu, KNCHR, iliyofanya uchunguzi hapa Magarini na kutoa ripoti mwaka 2006. Kwa hivyo ukiosha kwa maji ya kisima cha chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi. Lakini hayo maji matamu mnayonunua, mbona yote yanaishia kwa boneti? Punguzeni povu juu, mitungi miwili iende chini. Hiyo si gharama mpya.

Wengine watasema, "Sisi tunapaka oili chafu, inatosha." Ukiipaka juu ya chumvi na matope, umeifungia adui ndani ya nyumba na kumpa blanketi. Pia oili inaharibu raba, na ikidondoka inaingia ardhini, karibu na visima hivyo hivyo tunavyolilia. Osha kwanza, acha pakauke, halafu paka dawa ya kuzuia kutu.

Na makampuni ya chumvi, lori likitoka kwa mabwawa lifunikwe turubai na lisuuzwe magurudumu kabla ya kupanda lami. Barabara ni yetu sote.

Kwa hivyo wiki hii, ukipeleka gari, mwambie kijana aanzie chini. Maji matamu, taratibu, ndani ya madigadi manne, springi, chesisi yote. Mashine ya presha isielekezwe kwa beringi wala nyaya. Wa boda, suuza fremu na cheni, kausha, kisha tia oili mpya kwa cheni. Na huyo kijana muongeze kitu, maana kulala chini ya gari si kazi ya bure.

Picha ya boneti inaweza kungoja.